NANI ANADAIWA? Kiingereza kidogo na hesabu kidogo kwa wafanyabiashara wanaoanza



Wengi wanaokuja darasa la jioni, Kibera na pia Kawangware, wanataka vitu viwili: kujua hesabu ya biashara, na kujua Kiingereza kidogo. Wanafikiri hayo ni masomo mawili. Leo tutayasoma pamoja, kwa sababu karatasi ya mkopo haiyatenganishi. Imeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake kuna maneno mafupi sana kama "I", "we", "it" na "them". Msomaji huyaruka hayo akitafuta maana ya yale marefu. Lakini haya mafupi ndiyo yanasema pesa ni ya nani, na atakayelipa ni nani.

Tuanze na deni, maana hapo ndipo watu huanguka zaidi.

Umechukua unga na mafuta dukani, ya shilingi 500, hujalipa. Kwa Kiswahili unasema: "Mwenye duka ananidai 500." Sasa iandike kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaangalia neno "ananidai", anaona a- ni yeye, anaandika "he". Anaona -ni- ni mimi, anaandika "me". Mwisho anapata "He owes me 500." Amegeuza deni! Hiyo sentensi inasema mwenye duka ndiye atakulipa wewe. Kiswahili cha "kudai" huanza na yule anayengoja kulipwa, lakini "owe" ya Kiingereza huanza na yule mwenye mzigo. "Owe" ni ndugu ya "kudaiwa". Kwa hivyo sentensi sahihi ni "I owe him 500." Na kama wewe ndiye uliyemkopesha mtu, yaani wewe ndiye unamdai, utaandika "He owes me 500."

Tafadhali isome tena polepole kabla ya kuendelea. Mama mmoja muuza makaa, Kawangware, alimpa mteja magunia kwa mkopo, kisha akaandika mwenyewe kwenye karatasi: "I owe him 4,000." Mteja alitia sahihi haraka sana, hata hakuuliza swali. Siku ya kudai, karatasi ilionyesha mama ndiye mwenye deni. Kilichomwokoa ni jirani aliyekuwepo siku ile na akakubali kuja kusema alichoona. Angeandika Kiswahili kingemtosha kabisa, na hilo huwa nawaambia wote: kati yako na mteja wako, hakuna sheria inayosema karatasi lazima iwe ya Kiingereza.

Sasa angalia kwamba Kiingereza hubadilisha neno mtu akihama mahali. Anayetenda ni "I", anayetendewa ni "me". Vivyo hivyo "he" huwa "him", "she" huwa "her", "we" huwa "us", na "they" huwa "them". Kiswahili hufanya hivyo pia ndani ya kitenzi: yeye ni a- katika "anauza", lakini ni -m- katika "ninamuuzia". Ni jambo unalolifanya kila siku bila kufundishwa. "You" na "it" hazibadiliki, tushukuru.

Habari ya "he" na "she" inawasumbua watu bure. Sisi tuna "yeye" moja tu, kwa hivyo mtu anasema "my mother, he is sick" na watu wanacheka. Usiogope kucheka kwao, utazoea. Jua tu kwamba hati nyingi za kizamani huandika "he" zikimaanisha mtu yeyote, mume au mke. Mama asione "he" kwenye fomu akadhani jambo hilo ni la bwana yake.

Neno ninalolipenda zaidi katika somo hili ni "it". Biashara ni "it". Si "I". Chukua mama wa mandazi. Tuseme asubuhi amenunua unga kilo 4 kwa 360, mafuta 200, makaa 100, sukari 80, mitungi miwili ya maji 20, hamira na vitu vidogo 20. Jumla ni 780. Amekaanga mandazi 120 ya shilingi kumi kumi. Watoto wake wamekula 8. Mafundi wa pale jirani wamekula 12, watalipa Jumamosi. Mia moja yaliyobaki yameuzwa, na mfukoni ana 1,000.

Ukimuuliza atasema "nina elfu moja". Kwa Kiingereza angesema "my money". Lakini hebu tugawe. Kati ya hiyo elfu, 780 ni "its money", pesa za biashara yenyewe, za kununua unga wa kesho. Hiyo ndiyo tunaita mtaji. "My money" ni 220 peke yake. Mafundi: "They owe it 120." Na mandazi 8 ya watoto je? "I owe it 80." Ndiyo, mama anadaiwa na biashara yake mwenyewe! Darasani hapa watu hubisha sana. Wanasema mtoto hawezi kununua kwa mama yake. Sawa, mtoto ale, lakini iandikwe kwenye daftari, iondolewe katika fungu la mama.

Jioni mwalimu anaitisha 500, mama anatoa kwa ile elfu. Zimebaki 500, na unga na vingine vya kesho vinataka 780. Zimepungua 280. Kesho atakopa, au atakaanga kidogo, na faida itakuwa kidogo zaidi. Biashara nyingi za mtaani hufa namna hii, bila mwizi na bila askari wa jiji. Mwenyewe alikuwa anasema "my" mahali pa kusema "its".

Mwisho tufike kwa "we". Hapa Kibera neno hili lina historia. Karibu mwaka 1990, shirika la K-Rep, lililoanzishwa 1984, lilileta Kibera mpango wa mikopo ulioitwa Juhudi, kwa mfano wa Benki ya Grameen ya Bangladesh. Mfanyabiashara mdogo asiye na hati ya shamba alijiunga na wenzake katika kikundi kilichoitwa "watano", na dhamana yao ilikuwa wao wenyewe: mmoja akishindwa, wengine wanalipa. K-Rep ilipata leseni ya benki 1999, na tangu 2016 inaitwa Sidian Bank. Mtindo wa kudhaminiana ulienea kwa wakopeshaji wengine na bado uko.

Kwenye fomu za namna hiyo utakuta "we", na mara nyingi maneno "jointly and severally". Maana yake: sisi sote pamoja, na pia kila mmoja peke yake. Tuseme mko watano, na mmoja amerudi ushago akiacha deni la 6,000. Mkigawana wanne, ni 1,500 kila mtu. Lakini kwa maneno hayo mkopeshaji anaweza kuja kwako peke yako akadai 6,000 yote, kisha wewe uwatafute wenzako. Mtu husaini "we" huku moyoni akisoma "they". Kabla ya kuweka sahihi, uliza: huyu wa tano tunajua kwao?

Mikopo ya simu, kama M-Shwari iliyoanza Novemba 2012, hutumia "you". Haina mdhamini. Ilipoanza, ada ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30, yaani ukichukua 1,000 unarudisha 1,075. "You" ya Kiingereza yaweza kuwa wewe au ninyi, lakini hapo ni wewe peke yako. Hata kama pesa uliomba kwa ajili ya rafiki, "you owe", yeye hayumo.

ZOEZI. Andika kwa Kiingereza: (1) Wanjiku ananidai 300. (2) Tunawadai 2,000. (3) Ninaidai biashara yangu 150. Kisha ufanye hesabu ya mama wa mandazi tena, ikiwa mafundi wamelipa Jumamosi na mama amerudisha zile 80. Leteni majibu pamoja na daftari zenu za mauzo ya wiki.