ELIMU KWA WAKULIMA: KUITAMBUA LIKENI YENYE UMBO LA JANI

Aghalabu mkulima anapoona magamba ya kijivu yametanda juu ya shina la mkarafuu au mwembe, hudhani kuwa mti umeingiwa na maradhi, naye huchukua panga akaukwangua. Ni vyema ikafahamika kuwa magamba hayo ni likeni, yaani viumbe viwili vinavyoishi kwa kushirikiana: kuvu inayojenga mwili na kuhifadhi maji, na mwani unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Likeni hainyonyi utomvu wa mti; gome kwake ni mahali pa kukaa tu.

Miongoni mwa likeni zenye umbo la jani imo ile ambayo wataalamu huiita Parmotrema tinctorum. Hiyo huota juu ya magome na mawe katika nchi nyingi za joto, Afrika Mashariki ikiwamo. Dalili zake ni hizi zifuatazo:

Kwanza, rangi yake ni ya kijivu, na ncha zake ni za mviringo, zenye upana wa sentimita 1 hadi 2, zilizonyanyuka kidogo kutoka katika gome.

Pili, katikati ya uso wa juu mna vijiti vidogo mno, ambavyo vikikatika na kuanguka penye kufaa huota likeni mpya. Baadhi ya jamaa zake huwa na unga pembezoni badala ya vijiti.

Tatu, upande wa chini ni mweusi, na ukingoni ni wa rangi ya hudhurungi, usio na vinyweleo.

Nne, ngozi ya juu ikiparuzwa kwa wembe, na sehemu nyeupe ya ndani ikatiwa tone la dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hugeuka nyekundu. Dalili hii peke yake haitoshi, kwani zipo likeni nyingine zigeukazo vivyo hivyo. Sharti zote nne zikutane.

Utambuzi huu una faida kwa mwenye shamba. Maradhi ya kukauka matawi ya mkarafuu huletwa na kuvu ya aina nyingine kabisa, ambayo huingia kupitia majeraha ya mti. Hivyo, mwenye kukwangua gome huondoa kisichodhuru na kukifungulia mlango kinachodhuru. Likeni zikizidi katika tawi linalonyauka, huwa ni kwa kuwa majani yamepukutika na mwanga umeongezeka. Chanzo cha kunyauka kitafutwe kwingine.

Mkulima mwenye shaka na amwite bwana shamba au bibi shamba kabla ya kushika panga.