Gari Halipandi Mlima? Pima Sensa ya Hewa Kabla ya Kununua Nyingine

Probox imejaa abiria, inatoka Awendo kuelekea Kisii. Penye tambarare inateleza vizuri. Ikianza kupanda baada ya Rongo, dereva anakanyaga mafuta, gari linasita, kisha linajikokota. Taa ya cheki injini imewaka. Fundi akiangalia mara moja anasema, "Sensa ya hewa imekufa, leta pesa tununue." Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi sensa imechafuka tu, au inasingiziwa kosa la mpira uliopasuka.

Mizani ya injini

Mkulima wa miwa hahitaji kuelezwa kazi ya mizani: kinachosomwa kwenye lango la kiwanda ndicho kinacholipwa. Sensa ya hewa nayo ni mizani. Imekaa kwenye bomba, baada ya chujio la hewa, na ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo umeme mwingi unavyohitajika kuurudishia joto. Kwa umeme huo kompyuta ya gari hujua ni gramu ngapi za hewa zimeingia kila sekunde, kisha hupima petroli ya kutosha hewa hiyo.

Waya ukivikwa vumbi, mizani husoma pungufu. Petroli hutoka pungufu pia, na injini hukosa nguvu hasa inapobebeshwa mzigo. Huku kwetu adui ni wawili: vumbi la barabara za mashambani nyuma ya matrekta ya miwa, na masizi shamba la miwa linapoungua.

Anza kwa macho

Hakikisha kwanza gari lako lina sensa hii. Baadhi ya Honda, Suzuki na Toyota za zamani hupima shinikizo la hewa badala yake. Kisha toa chujio ulimulike kwa tochi. Likiwa limetoboka au halikai sawasawa kwenye boksi, vumbi linapita moja kwa moja. Chujio linalopulizwa kwa kompresa kila wiki huishia kuchanika.

Kagua mpira unaotoka kwenye sensa hadi injini. Ukunje, utazame ndani ya mikunjo, kaza klipu zake. Hewa inayoingilia ufa ni kama miwa iliyopitishwa mlango wa nyuma: imeingia kiwandani bila kupimwa.

Soma kompyuta

Chomeka mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu, kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Kodi P0102 au P0103 humaanisha ishara ya sensa iko chini au juu kupita kiasi. Anza na nyaya na plagi. P0101 ni kwamba kipimo hakiendani na hali ya injini. P0171 inasema tu petroli ni kidogo kuliko hewa, na haimtaji mkosaji.

Injini ikishapata moto, zima kiyoyozi uiache ingurume bila kukanyaga. Injini ya 1500cc husoma takriban gramu 1.5 hadi 3 kwa sekunde. Ukikanyaga taratibu, kipimo kipande bila kurukaruka.

Sasa tazama LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikiwa +20 injini ikinguruma tu, kisha ikashuka karibu na 5 kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, tafuta ufa wa hewa. Ikiwa ndogo mwanzoni na inakua kadiri unavyokanyaga, shuku sensa chafu, au pampu ya petroli iliyochoka.

Kama kodi ni ya umeme (P0102 au P0103), chomoa plagi, washa swichi bila kuwasha injini, upime waya unaoleta umeme kwenye plagi: lazima upate takriban volti 12. Ukikosa, fuata fyuzi na nyaya. Sensa mpya haitasaidia.

Osha kwa adabu

Zima injini, iache ipoe, toa waya hasi wa betri. Chomoa plagi, fungua skrubu mbili, vuta sensa polepole. Puliza dawa maalumu ya kusafishia sensa ya hewa, mara kumi au zaidi, kutoka mbali kidogo. Usitumie petroli, dawa ya kabureta, mswaki, kitambaa wala upepo wa kompresa. Waya ule ni mwembamba na hukatika upesi. Iache ikauke yenyewe kwa nusu saa, irudishe ukifuata mshale wa mwelekeo wa hewa, weka chujio zima, rudisha waya wa betri, kisha futa kodi.

Ikibidi kununua

Kama nyaya ni nzima, hakuna ufa, umeosha na kipimo bado hakisogei, nunua. Nenda na ya zamani mkononi ulinganishe namba zilizoandikwa juu yake, maana sensa mbili zinaweza kufanana sura zikasoma tofauti. Kwa ya mtumba, kubaliana na muuzaji kwamba utaijaribu kwanza.

Usilipe gari likiwa limesimama gereji. Lipakie mzigo wake wa kawaida, ulipandishe kuelekea Kisii, kisha soma LTFT tena. Ikikaa ndani ya asilimia 10, juu au chini, mizani imepona.