Mjumbe wa Nchelenge ampe nani kura yake?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa chama kutoka Nchelenge, mkoani Luapula, kando ya Ziwa Mweru. Wanaowania tiketi ya urais wanaahidi mambo yale yale. Nimchagueje mmoja?

JIBU: Zambia, mgombea urais kwa kawaida huteuliwa na wajumbe, si wanachama wote. Kura ya mjumbe ina uzito mkubwa.

Kwanza, tabia ya kila mwaniaji ipimwe. Rais Michael Sata alipofariki Oktoba 2014, chama chake cha Patriotic Front (PF) kiligawanyika: mkutano mmoja mjini Kabwe ulimchagua Edgar Lungu, mwingine Miles Sampa. Mzozo ukafika mahakamani, Lungu akatambuliwa. Januari 2015 alimshinda Hakainde Hichilema kwa kura 27,757 tu. Chama kinahitaji mtu atakayekubali matokeo hata akishindwa.

Pili, hesabu. Tangu marekebisho ya katiba ya 2016, mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali, na agombee pamoja na mgombea mwenza. Umaarufu wa Luapula pekee hautoshi. Mjumbe achunguze mwaniaji anakubalika vipi katika mikoa ya Kusini, Mashariki na Lusaka.

Tatu, ziwa. Uvuvi katika Ziwa Mweru hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Familia za wavuvi zitaishije miezi hiyo? Atakubaliana nini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye sehemu ya ziwa hilo? Anayetaja fedha, muda na idara itakayosimamia anastahili kura kuliko anayegawa vitenge.