Hamu ya Tendo la Ndoa Imeshuka? Anza na Mfuko wa Dawa

Kabla hujamnunia mwenzako, au hujamtafuta muuza vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu za kiume, pitia haya.

1. Weka mezani dawa zote unazotumia: ya presha, ya maumivu, ya sonona, hata ya kichefuchefu. Halafu jiulize hamu ilianza kushuka lini, kabla ya dawa au baada yake? Jibu hilo daktari atalihitaji, maana sonona na kisukari vyenyewe hupunguza hamu bila msaada wa kidonge.

2. Dawa za sonona zina kisa chake. Fluoksetini na setralini hupandisha serotonini kwenye ubongo. Mawazo hutulia, mtu anaanza tena kucheka na watu, lakini serotonini hiyo hiyo huibana dopamini, kemikali inayomfanya mtu atamani. Chumbani hana habari, na akijitahidi, kilele huchelewa au hakifiki. Haloperidoli na risperidoni, dawa za saikosisi, huziba njia za dopamini moja kwa moja. Hapo prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ya mama, hupanda hata kwa mwanamume, na hamu hupotea.

3. Usiache dawa kimyakimya. Wengine hupenda mchezo huu, kisha hushangaa presha imetoka wapi. Kuacha ghafla atenololi, dawa ya presha, kunaweza kuushtua moyo vibaya. Sema wazi kwa daktari, bila kuzungukazunguka. Dozi hupunguzwa, au dawa hubadilishwa. Daktari ameshasikia makubwa kuliko hayo.

4. Tramadoli ya mtaani, dawa ya maumivu wanayoimeza wengine ili wachelewe kufika kileleni, ikizoeleka hushusha testosteroni. Unapata muda, unapoteza hamu.

5. Pima damu. Mwenye upungufu wa madini chuma huchoka mpaka kitanda kinakuwa cha kulala tu. Maini, dagaa na maharage husaidia. Ndimu kwenye mboga pia. Chai isogeze mbali na chakula, kama saa moja hivi, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Zinki? Humfaa aliyepungukiwa nayo. Mwingine atapoteza pesa tu.

6. Sasa hilo vumbi. Baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili zimewahi kukutwa na sildenafili, dawa ya kusimamisha uume, ndani. Sildenafili hufungua mishipa ya damu; kutamani haikufundishi. Anayetumia naitreti kwa maumivu ya kifua akiichanganya na sildenafili, presha huporomoka na anaweza kufa. Na kifuko cha vumbi hakiji na karatasi ya maelezo.