Mgonjwa wa Figo Akiumwa Mifupa, Usiisingizie Baridi

Juni na Julai baridi ya Mbeya na Iringa huwa kali, na kila anayelalamika kuumwa mifupa hupewa jibu lile lile: ni baridi hiyo, vaa sweta, kanunue diklofenaki duka la dawa. Mwenye figo nzima huenda akapita salama. Kwa mgonjwa wa figo, hasa aliyekwisha kuanza kusafisha damu, ushauri huo una hatari mbili. Diklofenaki na ibuprofeni humalizia nguvu kidogo iliyobaki kwenye figo na huweza kuleta vidonda na damu tumboni. Na wakati maumivu yametulizwa kwa muda, ugonjwa wenyewe unaendelea kula mifupa.

Ugonjwa huo una makao shingoni. Nyuma ya tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba tunasema mtu ana rovu, zimejibanza tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Huitwa parathairoidi. Rovu tunaijua sana Nyanda za Juu Kusini. Kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto kwa sheria katika miaka ya 1990, mikoa yetu ilikuwa miongoni mwa iliyoumizwa zaidi nchini. Parathairoidi ni kitu kingine. Hata zikikua mara nyingi kuliko ukubwa wake wa asili, kwa kawaida hazionekani wala hazishikiki kwa mkono. Shingo inaweza kuwa nyembamba kabisa na tatizo likawa mumo humo.

Kazi ya tezi hizi ni kulinda kalsiamu iliyo kwenye damu. Kalsiamu ikishuka, zinatoa homoni iitwayo PTH, na homoni hiyo inaichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Figo zikiharibika, fosforasi iliyopaswa kutoka na mkojo inabaki mwilini. Vitamini D nayo haiamshwi, maana hatua ya mwisho ya kuiamsha hufanyika kwenye figo. Kwa hiyo kuota jua asubuhi, japo si vibaya, hakutoshi. Bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha. Parathairoidi zinasukumwa na yote haya kwa pamoja, zinamwaga homoni usiku na mchana, zinanenepa, na baada ya miaka baadhi hazitulii tena hata sababu ikiondolewa.

Mgonjwa huanza kwa maumivu ya nyonga, miguu, mgongo au mbavu. Misuli ya mapaja inalegea hadi kunyanyuka kwenye kigoda au kupanda daladala kunakuwa kazi. Ngozi inawasha, na mafuta hayasaidii. Mwingine anateleza kidogo tu na kuvunjika mfupa. Taya inaweza kuota uvimbe ambao watu hudhani ni jino au saratani. Watoto hudumaa na miguu kupinda. Damu nayo inaweza kukataa kupanda licha ya sindano za kuiongeza anazochomwa mgonjwa kliniki. Lakini ninaloliogopa zaidi halina maumivu: kalsiamu na fosforasi hujigandisha kwenye kuta za mishipa na vali za moyo, na moyo ndio unaowaua wengi walio kwenye mashine ya kusafisha damu. Wachache hupata mabaka meusi yenye maumivu makali mapajani au tumboni, ambayo huchimbika na kuwa vidonda. Ukiyaona, usisubiri siku yako ya mashine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Vipimo vya kuuliza ni kalsiamu, fosforasi, PTH na ALP, kimeng'enya kinachopanda mifupa inapobomolewa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unataka mgonjwa aliye kwenye mashine apimwe kalsiamu na fosforasi kila mwezi mmoja hadi mitatu, na PTH kila miezi mitatu hadi sita. PTH ya mtu mzima mwenye afya huwa takribani 15 hadi 65 (pg/ml), kutegemea maabara. Kwa aliye kwenye mashine hatutafuti namba hiyo. Mara mbili hadi tisa ya kiwango cha juu cha kawaida hukubalika, na kinachotazamwa zaidi ni mwendo wake, kama inapanda kila mara. Uliza pia kama sampuli inapimwa hapo hapo au inasafirishwa, kwa sababu PTH huharibika damu ikikaa kwenye joto. Na majibu yote yatunze kwenye daftari lako mwenyewe.

Tiba huanzia jikoni. Mtu mzima hula takribani gramu moja ya fosforasi kwa siku, na kipindi kimoja cha saa nne kwenye mashine huondoa kama miligramu 800 tu. Hata anayesafishwa mara tatu kwa wiki haimalizi, sembuse anayepunguza vipindi kwa kukosa fedha au nauli. Soda nyeusi na soseji ndizo za kuacha kwanza, kwa kuwa fosforasi inayotiwa kiwandani hufyonzwa karibu yote. Dagaa na usipa wa Ziwa Nyasa, wanaoliwa na mifupa yao, wana fosforasi nyingi. Maharage watu huyaogopa kupita kiasi: sehemu kubwa ya fosforasi yake haifyonzwi, na ukiyaloweka na kumwaga maji hupungua zaidi, kiasi chake kipangwe na mtaalamu wa lishe. Usiache protini kabisa. Ute wa yai ni rafiki wa mgonjwa aliye kwenye mashine.

Vidonge vya kalsiamu kaboneti anavyoandikiwa mgonjwa vina kazi ya kuikamata fosforasi tumboni, hivyo humezwa pamoja na chakula. Ukivimeza tumbo likiwa tupu, havikamati kitu. Sevelameri hufanya kazi hiyo bila kuongeza kalsiamu, ila bei yake ni kubwa. Alfakalsidoli au kalsitrioli hutuliza tezi, na sinakalseti huzifanya ziitikie kalsiamu tena, lakini huweza kuleta kichefuchefu na kuishusha kalsiamu kupita kiasi.

Upasuaji huzungumzwa pale dawa zimetumika ipasavyo kwa miezi na bado PTH imebaki juu sana, madaktari wengi wakitaja 800 na kuendelea, huku mifupa ikiuma au kuvunjika, kalsiamu au fosforasi ikigoma kushuka, au ngozi ikianza yale mabaka. Si tiba ya kubahatisha. Mwaka 1925 mjini Vienna daktari Felix Mandl alimtoa mfanyakazi mmoja wa tramu parathairoidi iliyokua kupita kiasi; mifupa ya mtu huyo ilikuwa imeharibika na kumuuma sana. Chanzo chake hakikuwa figo, lakini mlango ulifunguliwa hapo. Leo daktari hutoa tezi tatu na nusu, au huzitoa zote nne na kupandikiza vipande vidogo vya mojawapo kwenye msuli wa mkono au shingo, ili mwili usikose homoni kabisa.

Njia ya rufaa ianzie kliniki yako ya figo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo inayohudumia Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Iringa, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma, iliyopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2018, iko takribani kilomita 260 kwa lami. Muhimbili, ilikoanzia huduma hiyo nchini mwaka 2017, ni mbali zaidi. Popote utakapopelekwa, uliza maswali mawili kabla ya kukubali tarehe: daktari huyu amezoea kutoa parathairoidi, na hospitali inaweza kupima kalsiamu usiku na mchana? La pili watu hulisahau, nami naliona zito kuliko la kwanza. Bima nayo iulizwe mapema, na jibu lipatikane kwa maandishi. Anayetarajia kupandikizwa figo amweleze daktari hali ya PTH yake, kwa sababu figo mpya huzituliza tezi za wengi lakini si za wote.

Kabla ya chumba cha upasuaji mgonjwa husafishwa damu, aghalabu siku moja kabla, hupimwa moyo, na koo huangaliwa kama nyuzi za sauti zinacheza sawa, maana mshipa wa fahamu wa sauti unapita karibu sana na tezi. Hatari za siku ya kwanza ni damu kuvuja shingoni na sauti kukwaruza. Shingo ikivimba ghafla au pumzi ikibana, muuguzi aitwe papo hapo.

Hatari kubwa huja baadaye. Homoni ikishaondoka, mifupa iliyonyang'anywa kalsiamu kwa miaka inaivuta kwa pupa, na ya kwenye damu inaporomoka, hasa kati ya siku ya pili na ya nne. Midomo na ncha za vidole zinakufa ganzi, misuli inakakamaa, na ikiachwa huja degedege au mapigo ya moyo kuvurugika. Ndiyo sababu kalsiamu hupimwa kila saa nne hadi sita kwa siku mbili tatu za mwanzo, na mgonjwa hupewa kalsiamu ya mshipa, kisha vidonge vingi pamoja na kalsitrioli. Sasa vidonge vile vile vya kalsiamu humezwa kati ya mlo na mlo, kwa kuwa tunataka viingie kwenye damu. Anayerudi Mafinga au Tukuyu bila kuelezwa badiliko hilo ataendelea kuvimeza na chakula, na kalsiamu yake itashuka akiwa nyumbani.

Uhitaji huo unaweza kudumu wiki nyingi, pengine miezi. Usipande basi kabla ya kujua nani atakupima kalsiamu wiki inayofuata na ukapewa karatasi yenye dozi na tarehe. Kama tezi ilipandikizwa mkononi, karatasi hiyo itaje ni mkono upi. Haupaswi kuwa mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya mashine, na damu ya kupima PTH isitolewe kwenye mkono huo wenye tezi, maana itasoma juu kuliko ilivyo kwenye mwili wote, na daktari asiyekufahamu anaweza kudhani ugonjwa umerudi.