Amri Tatu Mlangoni mwa Nyumba ya Sanaa

Walimu wa katekisimo huulizwa na vijana: Je, ni halali Mkristo kusimama mbele ya sanamu ya kuchonga na kuitazama kwa furaha? Tena wako Wakristo wanaoalikwa Ujerumani na sharika rafiki. Wakifika huko hupelekwa na wenyeji wao katika nyumba za makumbusho, wasijue watazame nini wala waseme nini. Kwa hiyo tumeona vema kuandika somo hili, ili msafiri aingie nyumba hizo kwa akili, naye asiyesafiri apate kuvipima picha na vinyago anavyoviona vitabuni au kijijini kwake.

Tutachukua mji wa Berlin uwe mfano wetu, maana mji huo una habari kubwa na nchi yetu. Mwaka 1824 ilianzishwa humo Jamii ya Misioni ya Berlin, ambayo wajumbe wake walifika Unyakyusa mwaka 1891 kuhubiri Injili. Katika mji uo huo ulikaa mkutano wa miaka 1884 na 1885, mataifa ya Ulaya yalipopatana juu ya Afrika, wala hapakuwa na Mwafrika mezani. Wasomaji wa Ugalla nao wasidhani ya kuwa Berlin haiwahusu. Katika miaka ya 1880 Richard Böhm, mzaliwa wa mji huo, alisafiri pande hizi pamoja na Paul Reichard na Emil Kaiser, akakusanya ndege na wanyama. Keremkerem mmoja mdogo, wa jamaa ya ndege wale ambao wafuga nyuki wawajua sana, anaitwa kwa jina la Böhm katika vitabu vya elimu tangu mwaka 1882.

Berlin ina nyumba nyingi za makumbusho. Katika kisiwa cha mto Spree ziko tano pamoja, zilizofunguliwa kati ya mwaka 1830 na 1930. Mahali pengine mjini iko nyumba ya picha za rangi za zamani, iitwayo Gemäldegalerie. Tena, mahali palipokuwa na jumba la wafalme, limejengwa jumba liitwalo Humboldt Forum, lililofunguliwa kwa watu mwaka 2021. Humo vyaonyeshwa vitu vya Afrika na vya nchi nyingine za mbali. Mkristo aingiapo nyumba kama hizi yafaa akumbuke Amri tatu, kwa hesabu ya Katekisimo yetu: ya Kwanza, ya Saba, na ya Nane.

I. Amri ya Kwanza: Moyo uabudu nini?

Mungu amekataza kuabudu kitu kilichofanywa kwa mikono. Lakini Mungu yuyo huyo alimjaza Bezaleli roho yake, apate kuchonga mti na kufanya kazi ya dhahabu na shaba (Kutoka 31:1-5). Basi ufundi si dhambi, bali ni kipawa. Nyoka wa shaba alifanywa na Musa kwa agizo la Mungu (Hesabu 21:8-9); hata hivyo mfalme Hezekia alimvunja, kwa sababu watu walianza kumfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Shaba ilikuwa ile ile. Mioyo ndiyo iliyogeuka.

Jambo hili liliwasumbua baba zetu katika imani. Martin Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wa Wittenberg, wakiongozwa na Karlstadt, walianza kuziondoa sanamu makanisani kwa nguvu. Mwezi Machi 1522 Luther alirudi, akahubiri siku nane mfululizo. Alifundisha ya kuwa sanamu ya kuogopwa imo moyoni, nayo hutolewa kwa Neno. Mkono ukivunja kabla Neno halijafanya kazi yake, mtu hubaki na ibada yake ya zamani. Ndiyo sababu makanisa mengi ya Kilutheri yaliendelea kuwa na picha.

Katika Gemäldegalerie iko picha ya Rembrandt ya mwaka 1641. Yaonyesha mhubiri, jina lake Anslo, na mkewe. Mhubiri amenyosha mkono akisema. Vitabu vikubwa viko wazi juu ya meza, na nuru yaviangukia. Mke ametulia asikilize. Hakuna malaika wala mwujiza katika picha hiyo. Ni mtu anayelieleza Neno nyumbani kwake, na mwingine anayelisikia. Mwalimu wa katekisimo akiitazama ataijua kazi yake mwenyewe.

Katika nyumba iyo hiyo iko picha ya Pieter Bruegel ya mwaka 1559, ambayo mna ndani yake methali zaidi ya mia za watu wa Uholanzi, zote zimetiwa katika kijiji kimoja. Mmoja apiga ukuta kwa kichwa chake. Mwingine afukia shimo baada ya ndama kuzama. Sisi twasema, majuto ni mjukuu. Mchoraji alisema neno lilo hilo kwa rangi. Kutazama picha hizi si ibada. Ni kusikiliza hekima ya jirani kwa macho.

II. Amri ya Saba: Kitu hiki kilifikaje hapa?

Miongoni mwa vitu vya Afrika vilivyohifadhiwa Berlin kiko kiti cha kitemi kutoka Unyamwezi. Kina mgongo mrefu, na juu ya mgongo limechongwa umbo la mtu. Ni kazi ya fundi hodari, na wataalamu wa sanaa hukihesabu kati ya vitu bora vya nchi yetu. Wala hakiko peke yake, maana vitu vya Tanzania katika mji huo ni maelfu.

Vilifika kwa njia nyingi. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilichukuliwa na wamisionari kwa watu waliobatizwa. Lakini vingi vilitwaliwa na askari vitani, kama wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Tena tangu mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliagiza ya kuwa vitu vilivyokusanywa na safari zilizolipiwa kwa fedha yake vipelekwe kwanza Berlin. Kwa sababu hiyo maghala ya mji huo yalijaa upesi.

Katekisimo hutufundisha ya kuwa Amri ya Saba haimkatazi mwizi tu, bali hututaka tumsaidie jirani kuitunza mali yake. Basi mtazamaji Mkristo ana haki ya kuuliza, bila hasira na bila woga: Nani alikitoa kitu hiki, na je, alikitoa kwa hiari? Swali hili lina matunda. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lake lirudishwe. Ila ni mwaka 1954 tu ndipo fuvu lililotambuliwa kuwa lake, lililopatikana katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, liliporudi Kalenga karibu na Iringa. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha huko Songea kwa yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa ukoloni. Kuungama ni mwanzo wa njia. Kurudisha na kupatana hufuata.

III. Amri ya Nane: Kibao chasema kweli?

Chini ya kila kitu katika makumbusho huwekwa kibao chenye maandishi. Karibu na picha ya Anslo limeandikwa jina la Rembrandt. Lakini karibu na vitu vya Afrika mara nyingi huandikwa jina la kabila, au jina la Mzungu aliyevikusanya. Jina la fundi halipo, kwa sababu aliyevichukua hakuuliza. Aliyekichonga kiti cha kitemi alikuwa na jina na mkono wake mwenyewe, kama Rembrandt. Tena zamani vitu vingi viliandikwa kuwa ni vya uchawi, ijapokuwa vilikuwa viti, ngoma, au vyombo vya nyumbani. Huo ni ushuhuda usio wa kweli.

Nasi tusijisahau. Mkristo asemaye ya kuwa kila kitu walichochonga wazee ni cha shetani, amewashuhudia uongo babu zake. Naye asemaye ya kuwa hapakuwa na kinyago chochote kilichotambikiwa, hasemi kweli pia. Amri ya Nane yataka tuulize kwanza, kisha tuseme. Na palipo na shaka, tumnenee jirani mema, hata akiwa ni jirani aliyekufa zamani.

Namna ya kutazama

Usitake kuona vyote kwa siku moja; chagua vitu vitano au sita. Simama mbele ya kila kimoja mpaka umeona jambo ambalo hukuliona mara ya kwanza. Usiguse, maana jasho la vidole huharibu rangi na mti. Usishangae nuru ikiwa hafifu, kwa kuwa mwanga mkali hufifisha picha. Soma kibao chote: ni kitu gani, cha nchi gani, cha mwaka gani, kimefanywa na nani, kimefikaje. Lisilojibiwa na kibao, waulize watunzaji.

Asiyeweza kufika Ulaya asihuzunike. Makumbusho ya Taifa iko Dar es Salaam tangu mwaka 1940, na huko Bujora karibu na Mwanza viko vitu vya watemi wa Wasukuma. Tena wazee wa Ugalla wangali wakijua viti, ngoma na mizinga ilivyochongwa, na majina ya mafundi waliokuwa hodari. Tukiyaandika majina hayo sasa, vitu vyetu havitakuwa kama vile vya Berlin visivyo na jina la fundi.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini Hezekia alikivunja kitu ambacho Mungu mwenyewe aliagiza kifanywe?
2. Luther alikataa nini mwaka 1522: picha zenyewe, au namna ya kuziondoa? Eleza.
3. Ni kitu gani nyumbani kwako kilichochongwa na wazee? Nani alikifanya, na kwa kazi gani? Andika jibu, ulilete siku ya kukutana.