Begi Lipimwe kwa Ngazi, Si kwa Tiketi

Wenzetu wanaopata nafasi ya kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya huuliza maswali mazuri sana kuhusu viza, bima na posho. Kuhusu begi hawaulizi. Wanaona kwenye tiketi kwamba wameruhusiwa mabegi 2 ya kilo 23, wanakwenda Kariakoo kutafuta masanduku mawili makubwa kuliko yote, halafu wanaanza kujaza. Mimi nilikaa Leipzig, Ujerumani, muhula ulioanza Aprili, na masomo yalipokwisha Julai nikazunguka wiki 5, karibu zote kwa treni: Prague, Vienna, Venice, Florence na Roma. Nimeona nitoe somo moja la kipindi kimoja tu, juu ya ukubwa wa begi.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kuandaa somo kwa kuanzia mwisho: kipindi kikiisha, mwanafunzi aweze kufanya nini? Begi nalo ni hivyo hivyo. Usianze na vitu ulivyonavyo. Anza na mahali pagumu kuliko pote utakapopita ukiwa umelibeba peke yako. Zile kilo 46 ni ruhusa, si agizo, na shirika la ndege linakubebea kwa siku moja tu. Siku zote zinazobaki mbebaji ni wewe. Kule hakuna kijana wa stendi wa kukwambia "dada, leta mzigo", wala bodaboda wa kukupakatia begi kwenye tangi la mafuta.

Treni ndizo zinazodanganya watu. Treni nyingi huko hazipimi uzito wa mzigo, kwa hiyo unajiona huru kubeba chochote. Lakini mlango wa behewa mara nyingi una vidato, sehemu ya kuweka mizigo iko juu ya kichwa chako, na ukibadilisha treni, kama mimi pale Dresden nikielekea Prague, unaweza kuwa na dakika chache tu za kushuka ngazi, kupita chini ya reli na kupanda ngazi za upande wa pili. Lifti ipo, ila na watu wapo. Ukifika Prague, barabara za mji wa kale ni mawe yaliyopangwa. Magurudumu ya sanduku yanapiga kelele mpaka watu wanageuka. Venice ndiyo mtihani wenyewe. Ukitoka kituo cha Santa Lucia hakuna gari, hakuna pikipiki, kuna maji na miguu yako. Mji ule una madaraja zaidi ya 400 na mengi ni ya ngazi. Niliwaona baba na mama mmoja na masanduku yao manne: mume anavusha mawili, anarudi kufuata mengine, mke analinda upande huu na macho yake yako upande ule. Hilo lilikuwa daraja la kwanza.

Sasa tupige hesabu. Begi la kuingia nalo ndani ya ndege, kwa mashirika mengi, halizidi kama sentimita 55 kwa 40 kwa 20 na kitu. Zidisha 55 × 40 × 20, unapata sentimita za ujazo 44,000, yaani lita 44. Ndiyo maana mabegi ya mgongoni ya wasafiri yanauzwa kwa lita, na lita 40 ndiyo ninayoishauri. Sanduku kubwa la 75 × 50 × 30 ni lita 112 na nusu. Mtu wa kawaida hahitaji lita 112 kwa wiki 5. Anazijaza kwa sababu zipo.

Uzito wa begi tupu nao uhesabiwe. Sanduku gumu la magurudumu linaweza kuwa na kilo 3 kabla hujaweka hata soksi. Begi la mgongoni la lita 40 mara nyingi ni kilo moja na nusu au pungufu. Kama shirika linaruhusu kilo 7 ndani ya ndege, mwenye sanduku amebakiwa na kilo 4 tu. Huna mizani? Nenda kwa wale vijana wanaopima watu uzito barabarani. Pima ukiwa na begi mgongoni, pima bila begi, toa. Kisha rudi nyumbani upande nalo ngazi ghorofa tatu, mara mbili mfululizo. Ukihema, punguza. Mwenye tatizo la mgongo achukue magurudumu, ila basi atafute malazi karibu na kituo na Venice aende na begi dogo tu.

Ndani ya lita 40 niliweka suruali 2 nyepesi, sketi 1, blauzi 4, sweta 1, nguo za ndani za siku 6, ndala, na khanga doti moja. Raba nilizivaa. Jinsi niliiacha kwa sababu ikilowa inakauka kesho kutwa. Siri haiko kwenye wingi wa nguo, iko kwenye kufua, na sisi tuliosoma bweni hilo hatufundishwi na mtu: unafua jioni kwenye sinki, unaviringisha nguo ndani ya taulo, unakamua, unatundika. Asubuhi blauzi imekauka. Kipande cha sabuni ya mche kilinitosha safari nzima, na sabuni ngumu haihesabiwi kwenye vimiminika, ambavyo viwanja vingi vya ndege bado vinataka viwe kwenye vichupa visivyozidi mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki wa lita 1.

Khanga niiongelee kidogo, maana wenzetu wa huko hawana kitu kama hiki. Ilikuwa taulo, shuka la ndani ya treni, pazia la kitanda cha chini cha dabodeka hosteli, na nguo ya kufunika mabega kabla ya kuingia makanisa ya Roma. Watalii wengine walikuwa wananunua mitandio mlangoni.

Koti zito? Usinunue jipya. Nenda mitumba ya Karume, makoti mazito yapo na wateja wake Dar ni wachache, kwa hiyo patana bila huruma. Livae kwenye ndege, usilipakie. Aprili utalihitaji, Julai utaliacha Leipzig.

Hapo ndipo penye mpango wangu wote: mabegi mawili yenye kazi mbili. Sanduku la kukaa linabaki stoo ya bweni na vitabu, koti na sufuria. Begi la kutembea ndilo linalozunguka. Kama bweni lako halina stoo, muombe mwenzako kabla, si siku ya kuondoka. Na kabla ya kununua tiketi ya ndege ya bei nafuu, soma ukubwa wa begi la bure. Nilipoangalia mimi, Wizz Air walitaka 40 × 30 × 20, yaani lita 24, na easyJet 45 × 36 × 20. Begi la lita 40 hapo unalilipia. Kurudi kutoka Roma hadi Berlin nililipia kwenye mtandao siku ileile ya kununua tiketi, maana ukisubiri kuambiwa mlangoni, bei yake inaweza kukula bumu lote.

Limebaki suala gumu kuliko lita. Ukisema unakwenda Ulaya, ndugu wanakuja na mizigo. Shangazi ana mtoto wa rafiki yake Hamburg, anaomba umpelekee "kifurushi kidogo tu". Kumkatalia shangazi si jambo dogo, na sikushauri uwe mkavu. Mimi nilisema hivi: "Shangazi shikamoo, nafasi iliyobaki ni kilo 2, na naomba tufunge pamoja hapa mezani." Tulifunga pamoja. Nyama na maziwa ya aina yoyote nilivitoa, kwa sababu Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia navyo kutoka huku kwetu. Embe nazo zilibaki, hazipiti bila cheti cha afya ya mimea. Kifurushi kilichofungwa tayari sikipokei, hata kikiletwa na mzee wa kanisa. Uwanjani utaulizwa kama begi umelifunga mwenyewe, na jibu lazima liwe ndiyo.

Chaja yako ya pini 3 itaingia Uingereza bila shida. Bara, kuanzia Ujerumani hadi Italia, wanatumia pini 2 za mviringo. Nunua adapta hapa hapa.